Ladu la Kombora

...mama, nimesema mama, na neno limeshatoka, haliwezi kurudi, kinyozi ameniuliza polepole, kwa sauti ya mtu anayeogopa kutonesha kidonda, Pole sana bwana, ni baba au mama? na mimi badala ya kumwambia hapana kaka, kwetu hakuna msiba, wewe nyoa tu, nimesema mama, nimesema vile mtu anavyomtajia kondakta kituo chake, na Amma yangu mzima, yuko nyumbani kule Malkajgiri, amekaa kitandani na mkoba wa hospitali miguuni, ananisubiri mimi ili akubali kupasuliwa moyo kesho asubuhi, nami nimemzika hapa, kwenye kiti cha kinyozi nyuma ya stesheni ya Secunderabad, na maji yananichuruzika shingoni... lo, Kamesh, una laana gani wewe... lakini masikini angeuliza nini kingine, nimeingia dukani na begi la safari, macho mekundu, nimesema nywele zote, akasema na masharubu? nikasema na masharubu, kila kitu, na kwetu mwanamume wa umri wangu akiondoa nywele na masharubu kwa mpigo, katikati ya wiki, uso umemsawajika, huyo ametoka kuuchoma mwili wa mzazi wake, nilifanya hivyohivyo alipokufa baba, najua, nilipaswa kulitarajia swali hili, nilijiandaa kwa maswali yote ila hili, mimi ninayelipwa mshahara kujua kitu kitakuwa wapi kabla hakijafika... Inna lillahi, anasema kinyozi, na mkono wake wenye povu unatua begani kwangu, mzito, wa joto, kisha anageuka, Yadagiri, punguza hiyo televisheni, huoni mtu ana msiba? na Yadagiri, dereva wa bajaji aliyekuwa akipiga kelele pale kwenye benchi tangu nilipoingia, anaipunguza, anasimama, anavua hata miwani yake ya jua, Samahani mkubwa, hatukujua, sisi tunafurahi tu mambo ya nchi, nami natikisa kichwa, natikisa kichwa kama mfiwa, jamani, naweza hata kutikisa kichwa kama mfiwa.

Sasa televisheni haina sauti lakini picha ni ileile tangu juzi, moshi mweupe unapanda, kinukta cheusi kinaingia kwenye duara, kinukta kinapotea, watu wanakumbatiana, kisha moshi tena kutoka mwanzo, na maandishi makubwa chini, TUMEWEZA, tumepiga satelaiti angani, sasa tuko na wakubwa, sasa majirani watalala jicho moja wazi, na katika wale wanaokumbatiana wamefunika sura zetu kwa ukungu, lakini yule wa pili kutoka kushoto mwenye shati la bluu ni mimi, najijua kwa mgongo, nimeinua mikono juu kama mtoto aliyerushiwa peremende, na wakati ule mikono yangu iko juu Amma alikuwa anaamini nimeinamisha kichwa mbele ya wanyozi wa hekalu la Tirupati, nimekaa chini kwenye sakafu baridi, nampa Bwana wa Milima Saba nywele alizoahidiwa... nadhiri yake Amma, si yangu, aliiweka mimi nikiwa kijana nasubiri matokeo ya kazi ya maabara ya kombora, alisema Bwana, mpe mwanangu kazi hii nami nitakuletea nywele zake, nikapata kazi, nywele hatukuzipeleka, mwaka huu hapana, mwaka ujao, kuna majaribio, kuna mkutano, na Amma hakulalamika hata siku moja mpaka moyo wake ulipoanza kugoma, daktari akasema mlango mmoja wa moyo umechakaa, ubadilishwe haraka, na Amma akasema huyo Bwana tumemnyima chake, siruhusu mtu anifungue kifua mpaka mwanangu ametimiza, nikajaribu kumwambia Amma, moyo ni nyama, mlango umechoka, Mungu hana habari na nywele zangu, akanitazama tu, akasema, Basi nenda, baba, unitulize, utaniona nikipanda kile kitanda cha hospitali mwenyewe bila kushikwa mkono... ananiita baba, mimi na mvi zangu, tangu mdogo ananiita baba... nikasema nitakwenda Amma, na wiki hiyohiyo tukaitwa kisiwani kwenye uwanja wa majaribio, marufuku kumwambia mtu, hata mke, semeni mnakwenda popote, alisema mkurugenzi, harusini, mazishini, hekaluni, na mimi nikawa na uongo tayari umeshonwa kwa kipimo changu, nikauvaa, mke wangu Vasundhara akanifungia chapati za njiani, Amma akanishika kichwa kwa mikono miwili akaaga nywele zangu, akacheka, Zilikuwa nyingi ulipozaliwa, sasa Bwana atapata mabaki, na mimi nikacheka pia, Mungu wangu, nikacheka.

Wembe unaanza juu ya paji, krrr, unashuka kuelekea kisogoni, Ghouse bhai, ndivyo Yadagiri anavyomwita kinyozi, anafanya kazi yake kwa adabu sasa, anakishika kichwa changu kama kikombe cha mgeni, na mimi ningependa angenikata kidogo, damu itoke, walau kitu kimoja katika kichwa hiki kiwe cha kweli... na begi langu liko pale chini ya kioo, ndani kuna pakiti ya msandali wa kujipaka upara, wale wote wanaorudi Tirupati huwa wamejipaka, nimenunua mwenyewe nje ya stesheni, nikachagua ile ya rangi nzuri, na chini ya msandali kuna ladu, ladu halisi, la hekaluni kabisa, hilo si la uongo, ndilo baya zaidi, ingekuwa nimelinunua kwa mchuuzi lingekuwa tamu tu la unga wa dengu na samli, lakini hili limebarikiwa, limebarikiwa kwa ajili ya kombora... maana ndiyo desturi yetu, na nani atacheka, wasomi wote sisi wa hesabu za anga, kabla ya kurusha lazima watu wawili wabebe mfano mdogo wa kombora, wa mbao, umefungwa kitambaa cha hariri, waende nao Tirupati kuuweka miguuni pa Bwana, warudi na maladu, kila mtu apate lake, bila hivyo mkurugenzi hagusi kitufe, na mwenzangu Janardhan alikwenda akarudi, akatugawia, nikala nusu, nusu nikaifunga kwenye karatasi nikasema hii ya Amma, kwa hiyo Amma jioni ya leo atafungua kinywa, atatia ulimini dua iliyoombwa ili chuma kigonge chuma, akidhani imeombewa moyo wake, na kwa imani hiyo atapanda kitandani mwenyewe bila kushikwa mkono... simu inatetemeka mapajani chini ya shuka la kinyozi, naichungulia, ni Vasundhara, umefika wapi, Amma hajala tangu asubuhi, anasema hafungui kinywa mpaka ladu, hospitali wanamtaka kabla ya jua kuzama, fanya haraka, na chini yake ameongeza, amefurahi sana leo, hujawahi kumuona hivi... naifunika simu kwa shuka, nimwandikie niko kwa kinyozi namalizia msiba wa Amma?

Na yote haya yasingetokea kama ningeinuka mapema, nilipata nafasi ya kuinuka, maana kabla ya povu, kabla ya swali, nilikuwa nimekaa hapo benchini nasubiri zamu yangu na Yadagiri alikuwa anamtania huyu mzee, ameanza kwa utani, Ghouse bhai, mpigie dada yako Karachi, muulize kama wameshazima taa wakajificha chini ya vitanda, na Ghouse bhai akacheka kwa meno tu, akasema, Hebu nieleze wewe unayejua, hicho chombo tulichokipasua kilikuwa cha nani? Yadagiri akasema, Cha kwetu wenyewe, cha majaribio, Ghouse bhai akasema, Cha kwetu? Yaani ili jirani akuogope umevunja sufuria lako mwenyewe? na mimi nikataka kucheka mpaka machozi, kwa sababu ni kweli, ni kweli tupu, tulikirusha wenyewe tukakipiga wenyewe tukapongezana wenyewe, lakini Yadagiri hakucheka, akasema, Wewe utafurahia vipi, nusu yako iko kule, hebu sema Jai Hind, ishangilie nchi tukusikie, na yule mzee, ambaye babu yake na baba yake wamenyoa vichwa vya mji huu, akasema Jai Hind, akaisema kama mtu anayeonyesha tiketi yake kwa mara ya mia, na mimi niliyekipiga hicho chombo, mimi niliyekuwa na haki kuliko wote pale kusema mwacheni mzee wa watu, nikainamia gazeti, nikasoma tangazo la mafuta ya alizeti, nikalisoma lote... na ndani, aibu yangu isiyosemeka, ndani kuna kitu kilichokuwa kinafurahi, kinasema huyu mwenye bajaji anapiga kifua kwa kazi ya mikono yangu.

Halafu ile sauti kwenye simu, dada yake Ghouse bhai alikuwa amemtumia ujumbe wa kusikiliza, akaufungulia palepale ili Yadagiri asikie hana siri, sauti ya mama mtu mzima, nyuma yake kuku na mlango unaogongwa, Kaka, mko salama huko? Huku wanasema vyuma vya kile chombo chenu vinazunguka juu ya vichwa, eti vitatuangukia? Huyu mjukuu wangu hataki tena kulala nje darini, na joto hili, nimwambie nini? na Yadagiri akasema, Mwambie alale na helmeti, wakacheka, hata Ghouse bhai akacheka, na mimi ndiye mtu pekee kwenye mtaa ule, pengine kwenye mji ule, aliyejua cha kumwambia mtoto yule, kwamba lala mwanangu, huko juu vipande ni vidogo, vikishuka vitaungua kabla havijafika darini kwako, tena vingine havitashuka leo wala kesho, vimetupwa juu zaidi ya tulivyoliambia taifa, vinapita juu ya Hyderabad, vinapita juu ya Karachi, havijui mpaka, havibishi hodi, sentensi moja tu, hata bila kusema mimi ni nani ningeweza kujifanya nimesoma gazetini, sikusema, nikajiambia ni siri ya nchi, kila kitu kwangu ni siri ya nchi siku hizi, hata woga.

Na nchi yenyewe, jamani, hebu niseme ukweli, si nchi, ni ile siku jirani wa kaskazini alipotutangulia, miaka mingi sasa, akapiga satelaiti yake juu ya vichwa vyetu, kantini siku ile wali ulipoa kwenye sahani, hakuna aliyekula, mkurugenzi wa wakati ule akasema wametuchapa kofi na sisi hatuna mkono wa kurudishia, na mimi kijana nikaapa moyoni kwamba siku mkono ukipatikana nitakuwa kwenye kidole, nimeisubiri siku hiyo kuliko watu wanavyosubiri mtoto, nikiwaza majirani wote wawili, huyu wa kaskazini anayetudharau na huyu wa magharibi anayetuchukia, wakiamka wanatazama juu, na wameamka, wametazama juu, na wa magharibi amegeuka kuwa bibi mwenye kuku anayetaka kujua mjukuu alale wapi.

Ghouse bhai ananigeuza kichwa upande, nusu ya kushoto imekwisha, najiona kiooni, nusu mtu nusu yai, na anasema taratibu karibu na sikio, si kwa ajili ya Yadagiri, kwa ajili yangu, Mimi mama yangu sikumzika, unajua, alikwenda Karachi harusini kwa dada, akaugua hukohuko, nikaomba viza, wiki ileile wakaanza kurushiana mpakani, dirisha la viza likafungwa, nilimzika kwa simu, mpwa wangu ameshika simu juu ya kaburi, mara picha inaganda, mara sauti inakatika, nikawa napaza sauti nasema shusha simu kidogo nimuone, shusha kidogo, anapiga wembe kwenye kiganja, anafuta povu, anaendelea, Ndiyo maana nakwambia, yakikufika haya usijibane, lia tu, hapa kwangu kila mtu ameshalia, na mimi nataka kulia kweli, lakini nitamlilia nani, nikilia nitakuwa naiba na machozi, ya huyu mzee, ya mama yake aliyeganda kwenye simu... Wewe ulimuwahi, bwana? anauliza, ulikuwepo? Sikuwepo, nasema, na neno hili linatoka bila kupitia popote, la kweli, la kwanza la kweli tangu nilipotoka nyumbani, Sikuwepo, nilikuwa kazini. Basi Mungu anajua, anasema Ghouse bhai, na kiganja chake kinanipapasa ule upande uliokwisha kunyolewa, Mungu anajua, hukuwa na njia.

Hukuwa na njia... hapo, hapo ndipo pananichoma, mzee, mahali hapo ulipoweka mkono, maana nilikuwa nayo, nimejificha nisiitazame siku zote hizi lakini nilikuwa nayo, sikufungiwa dirisha na mtu, mkurugenzi aliingia chumbani na ule mfano wa kombora mkononi, umefungwa hariri, akasema nani anakwenda Tirupati safari hii, na Janardhan, ambaye hata haamini, ambaye huenda kwa ajili ya safari na chakula tu, akanigeukia mbele ya wote akasema, Kamesh, si una nadhiri ya mama yako huko? Nenda wewe, ndege ya serikali, unanyoa, unarudi, na wote wakasema ndiyo, nenda, na mkurugenzi akanyoosha mkono, kile kifurushi kilikuwa hapa, hapa mbele ya kifua changu, ningekipokea tu, lakini anayekwenda hekaluni anakosa zoezi la mwisho, na anayekosa zoezi la mwisho kiti chake mbele ya mitambo anapewa msaidizi, angekaa mwingine, mwingine angekiona kinukta kikiingia kwenye duara, na mimi nikacheka, nikasema kwa sauti ya utani ili wote wasikie, Aa, Amma atangoja, ameshangoja miaka yote hii... nilisema hivyo, hakuna aliyenilazimisha, hakuna siri iliyonifunga mdomo, huo uongo wa Tirupati sikuuvaa kwa ajili ya nchi, niliuvaa kwa ajili ya kiti, na leo nimekuja huku kuupaka msandali, nimpelekee mgonjwa ladu la kombora na kichwa cha kinyozi wa stesheni, apande kitandani anatabasamu, na wakimfungua kifua asiinuke tena atakuwa amekwenda na uongo wangu ulimini, nami nitarudi hapa kunyolewa nini, nywele zitakuwa hazijaota.

Nilikuwa nayo, nasema. Nini, bwana? anauliza Ghouse bhai. Njia, nasema, nilikuwa nayo njia, na mama yangu hajafa. Wembe unasimama juu ya sikio la kulia. Yadagiri anasema, Amesema nini? na Ghouse bhai ananitazama kupitia kioo, macho yake hayana hasira, afadhali yangekuwa na hasira, anasema, Hajafa? Hajafa, nasema, yuko Malkajgiri, kesho anapasuliwa moyo, hajala tangu asubuhi, ananisubiri mimi, na Yadagiri anasema, Wazimu huyu! Mtu mzima anamchuria mama yake! anakwenda kuongeza sauti ya televisheni, anaghairi, mkono unabaki hapohapo kwenye kitufe, na Ghouse bhai bado kanishika kichwa kwa vidole vitatu, povu la upande wa kulia linaanza kukauka, linavuta ngozi, anasema polepole, kwa sauti ileile aliyonipa pole nayo, Sasa umekaa hapa unafanya nini?... na kioo kinaonyesha nusu yangu na nyuma yake moshi mweupe unapanda tena, na ya kumwambia Amma ninayo, yamekuja yote kwa pamoja, na nitayasema kabla hajafungua kinywa, kabla ladu halijatoka begini, hata kama atakataa kwenda hospitali, hata kama ataniambia toka, moyo ni wake, na achague akijua, sitasema niliitwa, sitasema nchi, sitasema siri, nitamwambia niliulizwa, Amma, mbele za watu, niliulizwa kama niende, na nikasema utangoja.